Kipupwe cha Mbeya na kazi ya mezani: pasha miguu, usihangaike na nyumba

Nilihamia Mbeya mwezi Mei nikitokea Tandika, Dar es Salaam, na kompyuta mpakato pamoja na masweta mawili mepesi ambayo kule tulikuwa tunayaita ya baridi. Kazi yangu ni mahesabu. Napokea risiti na ankara za maduka ya Dar, naziingiza, jioni natuma ripoti. Yote naifanya nyumbani, maeneo ya Soweto, nikiwa nimekaa mezani tangu asubuhi. Mei ilipita salama. Juni ikaanza kuuma. Asubuhi moja ya Julai nikaandika shilingi 888,000 mahali pa shilingi 8,000, kwa sababu kidole kilikuwa kimekufa ganzi na sikuhisi kwamba nimebonyeza mara tatu. Mwenye duka alinipigia simu kabla ya saa sita. Siku hiyo nikaelewa kwamba baridi hii si ya kuvumilia tu, inaharibu kazi.

Kwa mtu wa pwani anayejiandaa kupanda huku, jambo la kwanza ni kuelewa baridi inatoka wapi. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Maana yake umeiacha Dar na nyuzi zaidi ya 10 kabla ya kuhesabu msimu. Kisha kipupwe kinaingia, Juni hadi Agosti. Mvua hakuna, usiku anga ni jeupe bila wingu, na joto lote ambalo ardhi ililipokea mchana linapaa na kupotea. Wenzetu wa Makete ndio wanaoijua zaidi, maana kule sakitu, yaani barafu nyembamba ya usiku, inaanguka na kuunguza viazi shambani. Nyumba tunazopanga nazo ni tofali, bati na sakafu ya saruji, nyingine hazina dari. Saa tano asubuhi unatoka nje unakuta jua zuri, ukirudi ndani unaona afadhali ungebaki uani.

Nilianza na hita ya umeme. Ilikuwa ya wati 2,000, yaani inakula uniti 2 kila saa. Ukiiwasha saa nane kwa siku ni uniti 16. Mimi nilikuwa kundi la matumizi madogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao shilingi 10,000 inawapa uniti 80 hivi. Kwa siku tano tu za kazi nikawa nimeshavuka. Nikapandishwa kundi, na shilingi 10,000 ileile ikaanza kunipa uniti 28. Na pamoja na gharama hiyo, miguu ilibaki baridi, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Nilikuwa nalipasha bati.

Nikaachana na hita, nikaleta ndani jiko la mkaa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kila kipupwe watu wanapoteza maisha kwa jambo hili, na mimi nilifika mlangoni.

Niliwasha jiko nje kama inavyotakiwa. Nikapepea mpaka moshi ukaisha na mkaa wote ukawa mwekundu. Nikaamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba mkaa ukishawaka vizuri hauna madhara. Nikaliweka chini ya meza, nikafunga mlango, na chini ya mlango nikasokota kanga ili upepo usipite. Kulikuwa na joto zuri ajabu. Baada ya kama saa moja kichwa kikaanza kugonga pande zote mbili. Nikadhani ni macho, nimetazama kioo sana. Kisha kichefuchefu. Kisha nikajisikia usingizi mzito, nikasema nilaze kichwa mezani dakika tano. Mama mwenye nyumba alikuwa anakuja kudai hela ya maji. Alibisha, nikamsikia, lakini sauti ya kuitika ikagoma kutoka. Alisukuma mlango, akaliona jiko, akalitoa nje kwa mikono yake na kunivuta hadi uani. Nilitapika pale kwenye majani, na kichwa kiliuma mpaka kesho yake.

Kinachoua siyo moshi. Mkaa unapoungua hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mkaa mwekundu usio na moshi huitoa vilevile. Ukiivuta, inashikana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka lakini haibebi hewa unayoihitaji. Moshi wa kuni unakukimbiza mwenyewe. Hii inakubembeleza ulale. Kwa hiyo nakuomba, usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kwa nusu saa, hata kama dirisha lina upenyo, na hasa usiku panapolala watoto. Ukimkuta mtu yuko chumba chenye jiko analalamika kichwa na kizunguzungu, mtoe nje kwanza, maswali baadaye, kisha mpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Mimi sikwenda, na nilikosea.

Jioni ile yule mama alikaa nami kwenye kibaraza. Akaniambia, "Mwanangu, nyumba haisikii baridi. Unayesikia ni wewe. Jipashe wewe." Akaingia kwake, akatoka na dumu la lita 5 lililokuwa la mafuta ya kula.

Tangu siku hiyo, hilo dumu ndilo hita yangu. Nachemsha maji, nayachanganya na ya baridi kidogo, kwa sababu maji yanayotokota yanalainisha plastiki na dumu linapinda. Nalijaza, nafunga kifuniko, nalilaza ubavu juu ya sinki dakika moja nione kama linavuja. Kisha nalifunga kwa kanga kuukuu mizunguko miwili. Chini ya meza nina boksi la katoni ambalo ndani nimelitandika gazeti na kipande cha blanketi. Dumu linaingia humo, na miguu yenye soksi inakaa juu yake. Blanketi jingine nalitandaza kutoka mapajani hadi chini, likafunika boksi lote, joto lisipate pa kutokea. Kupasha maji hayo kunakula kama theluthi moja ya uniti. Mimi nayapasha mara mbili, saa moja asubuhi na saa saba mchana. Linganisha na zile uniti 16. Angalizo ni moja: usiweke dumu likagusa ngozi tupu kwa muda mrefu, maana hata joto usilolisikia kuwa kali linaweza kuunguza taratibu.

Ukishapata miguu, mikono inafuata yenyewe kwa kiasi kikubwa. Kilichobaki nilikimaliza kwa glovu za mtumba nilizozikata ncha za vidole, na kikombe cha chai ya tangawizi ambacho nakishika kwa viganja viwili kabla ya kuanza ukurasa mpya. Chai napika mara moja tu na kuiweka kwenye chupa ya chai. Inanifikisha mchana.

Nguo nenda Mwanjelwa au Sido, kwenye mitumba, na uende Aprili kabla wenzako hawajashtuka. Usivutiwe na koti kubwa, maana ukiwa umekaa mezani linakubana mabega na mikono haifiki vizuri kwenye kibodi. Chukua nyepesi nyingi: fulana ya kubana ndani, shati, sweta la sufu, na kizibao juu. Hewa inayonaswa kati ya nguo na nguo ndiyo inayokutunza. Chini vaa taitsi ndani ya suruali au sketi. Kichwani mzula. Kwenye vikao vya video wenzangu wa Dar wananiona na mzula huku nyuma yao feni inazunguka. Siku za mwanzo niliuvua kwa heshima ya kikao, nikaishia na mafua. Sasa sivui.

Sakafu nayo usiisahau. Saruji inanyonya joto la miguu kama sifongo. Tandika maboksi yaliyokunjuliwa, juu yake mkeka, juu yake zulia kama unalo. Pazia la dirishani nilishona kwa blanketi la mtumba. Nalifungua jua likitoka na kulifunga kabla ya saa kumi na mbili jioni. Chini ya mlango bado nasokota kanga, lakini sasa hakuna moto wowote unaowaka ndani.

Kitu ambacho sikufundishwa na mtu, nilikigundua kwa kutazama, ni jua. Mbeya tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini. Dirisha linalotazama mlima Loleza linapata jua karibu mchana kutwa, na linalotazama kusini halipati kabisa. Meza yangu ilikuwa kwenye chumba cha kusini mwaka mzima wa kwanza. Nilipoihamishia upande wa pili, kuanzia saa nne nilikuwa navua glovu. Ukienda kuangalia chumba cha kupanga, muulize mwenye nyumba madirisha yanatazama wapi kabla hujauliza bei.

Kwa sababu hiyohiyo nimepanga kazi kufuata joto. Asubuhi mapema nafanya ya kusoma na kupiga simu. Kuandika namba nyingi nakuweka kati ya saa nne na saa kumi, wakati vidole viko hai. Kila baada ya saa moja nasimama, nazunguka uani, nachota maji au nafagia. Mtu akikaa bila kujongea damu inakaa mbali na vidole, na hakuna sweta linaloweza kuirudisha haraka kuliko dakika tano za kutembea. Na usianze kazi na njaa: uji wa ulezi wa moto na viazi vya kuchemsha, ambavyo huku ni bei ya chini, vinaupa mwili kitu cha kuunguza.

Jioni, nikifunga kompyuta, maji ya dumu bado yana uvuguvugu. Simwagi. Namnawishia mtoto miguu kabla hajapanda kitandani, yanayobaki naoshea vyombo.