Aaron Donald na thamani ya mlinzi asiyegusa mpira

Ndugu yangu, umeuliza kama mlinzi ambaye hagusi mpira anaweza kweli kuhesabiwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa futiboli ya Kimarekani. Mimi nasema anaweza, na ushahidi wangu ni Aaron Donald, niliyemwona akichezea Chuo Kikuu cha Pittsburgh nilipokuwa nikiishi mji huo.

Mzee mmoja aliyekaa jirani yangu uwanjani aliniambia niachane na mpira, nimtazame namba 97 pekee. Mpira ulipoanzishwa tu, mikono yake ilikuwa imeshaipangua mikono ya aliyepewa kazi ya kumzuia, bega limeshapenya, na mpinzani wa pili aliyekuja kusaidia amechelewa. Msimu huo wa 2013, dhidi ya Georgia Tech, alipenya upesi kiasi cha kuwakumba kwa pamoja mrusha mpira na mkimbiaji aliyekuwa akikabidhiwa mpira huo. Alitwaa tuzo kubwa za futiboli ya vyuo, yaani Outland, Lombardi, Bednarik na Nagurski, kwa mkupuo.

Pamoja na hayo, wachezaji 12 walichaguliwa kabla yake katika uteuzi wa 2014, ambapo timu za NFL, ligi kuu ya kulipwa, huchagua wachezaji wapya kwa zamu, ndipo timu ya Rams ikamchukua, kwa hoja kwamba alikuwa mfupi kwa nafasi yake. Hoja hiyo inaniudhi hadi leo, kwa sababu kimo chake cha sentimita 185 hivi ndicho kilichomwezesha kuingia chini ya vifua vya majitu yaliyomkabili na kuyasukuma kutoka chini. Alikuwa mlinzi bora wa NFL mwaka 2017, 2018 na 2020, kisha akastaafu Machi 2024.

Kwa kuanzia, tafuta dakika ya mwisho ya Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2022, wapinzani wa Rams, Cincinnati, walipohitaji yadi moja tu waendelee kushambulia. Katika jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa, Donald alimkamata mkimbiaji Samaje Perine asisogee hata hatua. La nne akamdaka mrusha mpira wao Joe Burrow na kumzungusha, mpira ukatoka mkononi bila mwelekeo na kuanguka chini, na Rams wakashinda 23 kwa 20. Kwenye takwimu, tukio hilo la mwisho limeandikwa kuwa pasi iliyopotea tu, kwa kuwa Burrow alikuwa ameshauachia mpira, ndiyo maana nakusihi uitazame video yenyewe badala ya kutegemea majedwali.