Jibu: Fossapup64 kwenye flashi inasahau kazi kila ikizimwa

Mwalimu, umesema kompyuta za maabara yenu Kakamega hazina diski, zinawaka kwa Fossapup64 (toleo la Puppy Linux, mfumo mdogo unaoendeshwa ndani ya RAM) iliyo kwenye flashi, na baadhi yake zinaamka mpya kila asubuhi kana kwamba hakuna aliyezigusa. Tafadhali usiunde upya kwanza faili ya akiba, yaani ile ambamo Puppy huhifadhi kazi na mipangilio. Dalili hiyo moja ina vyanzo vitatu: akiba haikuandikwa, au iliandikwa lakini mfumo hauioni, au mfumo unaiona ila unashindwa kuifungua. Ukikisia vibaya, utafuta kazi ya wanafunzi ambayo bado ipo.

Kwenye mashine yenye shida fungua terminali uandike:

cat /etc/rc.d/PUPSTATE

Tazama mistari ya PUPMODE na PUPSAVE. PUPMODE=5 maana yake kila kitu kiko kwenye RAM na hakuna akiba iliyopakiwa. 13 ndiyo hali ya kawaida ya flashi: akiba imepakiwa, lakini mabadiliko yanakaa kwenye RAM kwanza kisha yanamwagwa kwenye flashi kwa vipindi. 12 inaandika moja kwa moja, na haionekani sana kwenye flashi.

Ukikuta 5, fungua flashi utafute faili inayoanza na fossapup64save, kwa mfano fossapup64save.4fs. Ikiwa haipo kabisa, uliza flashi ilitengenezwaje. Taswira ya ISO (faili moja yenye mfumo mzima) ikinakiliwa nzima kwa amri ya dd, partisheni inayotokea ni iso9660, mpangilio wa faili wa CD, ambayo haiandikiki kamwe, hata flashi iwe na GB 32. Tumia GParted (programu ya kugawa diski) kutengeneza partisheni ya ext4, ambao ni mfumo wa faili wa Linux, kwenye nafasi iliyobaki, akiba ikae huko. Kama flashi ni FAT32, unaweza kuweka faili ya akiba isiyofika GB 4, lakini folda ya akiba haitafanya kazi. Hiyo inataka mfumo wa faili wa Linux.

Ikiwa faili ipo na bado unaona 5, angalia mambo mawili. La kwanza ni menyu ya kuwashia: mwanafunzi akichagua mstari wenye pfix=ram, akiba inarukwa kwa makusudi, na faili yenyewe haiguswi. Ufute mstari huo kwenye syslinux.cfg au grub.cfg za flashi za wanafunzi, ubaki kwenye yako peke yake. La pili ni jina na mahali. Akiba ya Bionicpup64, toleo jingine la Puppy, inaanza na bionicpup64save, kwa hiyo Fossapup haitaichukua. Usibadilishe jina ili kuilazimisha: moja imejengwa juu ya Ubuntu 18.04, nyingine juu ya 20.04, na maktaba zao za programu zikichanganyika eneo-kazi linaweza kukataa kufunguka. Bofya ile faili, itajifungua kama folda, unakili nyaraka peke yake.

Sasa PUPMODE=13, ambako nadhani ndiko kazi yenu nyingi inapopotelea. Anayefanya kazi saa mbili bila kumwaga ana saa mbili za kazi ndani ya RAM tu. Huku kwetu mvua za radi hupenda kuja alasiri, na stima ikikatika dakika moja kabla ya kumwaga, hakuna cha kurudisha. Ingia kwenye Puppy Event Manager, sehemu ya kuhifadhi, au fungua /etc/eventmanager uone RAMSAVEINTERVAL. Kawaida ni dakika 30. Kwa maabara isiyo na UPS (betri ya kushikilia mashine stima ikikatika) mimi naweka 10. Ukiweka 0, hakuna kumwaga kwa vipindi, inabaki kitufe cha Save na kuzima. Usiweke 1 wala 2: mashine zitakwama kila mara, na flashi itachakaa upesi.

Kuna kinga iliyo bora kuliko hiyo: kazi ya wanafunzi isikae ndani ya akiba. Wahifadhi kwenye /mnt/home, ambayo ni flashi yenyewe nje ya faili ya akiba, kisha waandike sync kwenye terminali, amri inayolazimisha data kuandikwa kwenye flashi papo hapo. Akiba ikiharibika, insha na hesabu zinabaki.

Kagua pia nafasi:

df -h /initrd/pup_ro1

Faili ya MB 512 hujazwa haraka na kivinjari. Ikikaribia kujaa, kumwaga kunaanza kushindwa, na mtumiaji huenda asione onyo lolote. Futa yaliyomo kwenye ~/.cache na, kama kivinjari kinaendeshwa kwa spot (mtumiaji wa Puppy mwenye ruhusa chache), kwenye .cache ya spot pia. Kisha bonyeza Save, kwa kuwa katika hali ya 13 ulichofuta hakijatoka kwenye faili mpaka umwage. Kupanua faili kuna chombo chake kwenye menyu ya Utility. Upanuzi wenyewe hufanyika utakapowasha tena.

Ikibaki kwamba akiba inaonekana ila haifunguki, hapo huenda stima ilikatika, au flashi ilichomolewa, katikati ya kuandika. Washa kwa pfix=ram, funganisha flashi, nakili faili ya akiba mahali pengine kwanza, halafu:

e2fsck -f -y /mnt/sdb1/fossapup64save.4fs

Badilisha sdb1 kulingana na mashine yako. Vipande vilivyookolewa hutua kwenye lost+found ndani ya akiba. Kama kosa linarudi kwenye flashi ileile hata baada ya kuitengeneza, pima flashi yenyewe kwa f3write na f3read, programu za kupima ukubwa halisi wa flashi. Flashi bandia hutangaza GB 64 huku ndani ina 8, na kila kinachozidi hapo kinapotea bila ujumbe wa kosa. Hiyo haitengenezeki, inatupwa.

Tuma matokeo ya PUPSTATE na df ya mashine mbili, moja nzima na moja mbovu, tuzilinganishe.