Kumkanda mtoto mwenye ADHD: ninayoyajua baada ya miaka mitatu

Dada yangu wa Sakina, Arusha, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu. Umesema mwanao ana miaka 7, yuko darasa la kwanza, daktari ameshasema ni ADHD, yaani ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuweka umakini, mwalimu anakuita kila wiki, na sasa kuna mtu wa masaji hapo Arusha anataka umlipe mara kumi ili mtoto "atulie kabisa". Unauliza kama ni kweli au unakwenda kutupa hela.

Usimlipe. Kukandwa kunasaidia, mimi ni shahidi, lakini hakumwondolei mtoto ADHD, na mikono inayofaa zaidi kwa kazi hiyo ni yako wewe, hapo nyumbani.

Mimi niko Moshi, Pasua, ni fundi cherehani. Kijana wangu sasa ana miaka 10, yuko darasa la nne. Alipokuwa na umri wa mwanao, nyumba yetu haikuwa na jioni. Alikula amesimama, anazunguka meza, tonge analiacha kwenye kochi. Homuweki ya mistari mitano ilituchukua saa nzima na vilio. Kulala ndiyo ilikuwa vita yenyewe. Taa tunazima saa tatu, saa tano bado miguu inapiga ukuta huku akiniuliza kama simba anaota ndoto. Asubuhi haamki. Anafika shule amechoka, na mtoto huyu akichoka hasinzii, ndiyo kwanza anazidi kuruka. Mwalimu anamchapa. Jioni tunaanza upya. Majirani walisema nimemdekeza, na kuna siku niliwaamini, nikamchapa mimi pia. Ile siku bado inaniuma.

Na mimi nililipa. Kuna mama alikuwa na chumba cha masaji mjini, akatuambia mishipa ya kichwa ya mtoto "imefunga", atamfungua. Elfu 25 kila tukienda. Tulikwenda mara sita. Chumba kina manukato makali, muziki, na mikono ya mtu asiyemjua. Mtoto alijikunja kama jongoo. Mara ya sita alilia njia nzima kwenye daladala, nami nimemshika nikihesabu laki na nusu iliyokwenda. Hakuna mshipa uliofunga, dada. ADHD inahusu jinsi ubongo unavyokua na unavyoendesha umakini na kujizuia, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Mume wangu aliposikia maswali ya daktari alinyamaza, baadaye akaniambia, "Yale yote yalikuwa yangu nilipokuwa shule."

Tulikuja kupata msaada KCMC, ile hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, kliniki ya watoto. Daktari hakukimbilia jina. Aliuliza kama mambo hayo yapo shuleni na nyumbani pia, kama yamedumu miezi 6 au zaidi, yalianza akiwa na umri gani, maana ADHD huwa imeshajionyesha kabla ya miaka 12 na haikai sehemu moja tu. Akataka masikio na macho yapimwe. Akauliza kama anakoroma usiku. Akauliza kama kuna nyakati anakodoa macho sekunde chache na ukimwita haitiki, kwa sababu kuna kifafa cha namna hiyo, na darasani kinaonekana kama uzembe. Kama mwanao hakuulizwa haya, rudi ukaulizwe.

Kisha tukapelekwa kwa mtoa tiba kwa vitendo. Watu wengi hawaijui fani hii, ilhali huku Kilimanjaro tuko nayo mlangoni, KCMC wana shule inayowafundisha. Wao wanaangalia mtoto anavyoweza shughuli zake za kila siku, kuvaa, kula, kuandika, kukaa, na wanasaidia hapo hapo. Dada aliyetupokea aliniambia nimkande kijana mbele yake. Nikaanza kumpapasa mgongoni polepole, kwa ncha za vidole, nikidhani huo ndio upole. Mtoto akacheka, akajipinda, akaruka chini. Yule dada akachukua mkono wangu, akauweka juu ya wake ili nisikie uzito anaoutumia. "Mama, kupapasa kunamwamsha," akasema. "Weka uzito. Kanda kama unga wa chapati, ila taratibu."

Hilo la uzito ndilo lililobadilisha jioni zetu, na wengine wamelichunguza. Tiffany Field, wa taasisi ya utafiti wa mguso pale Chuo Kikuu cha Miami, Marekani, ameandika miaka mingi kwamba mkandamizo wa wastani hutuliza mwili, mapigo ya moyo yanapungua, wakati mguso mwepesi unaelekea kumchangamsha mtu. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichukua vijana 28 wenye ADHD. Wengine walikandwa dakika 15 kwa siku 10 za shule mfululizo, wengine wakafanya mazoezi ya kujilegeza. Waliokandwa walikuwa na furaha zaidi na walipunguza kuhangaikahangaika, na walimu waliona wanadumu zaidi kwenye kazi zao. Mwaka 2003 ukatoka utafiti mwingine wa wanafunzi 30, wa miaka 7 hadi 18, waliokandwa dakika 20 mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja, na matokeo yakaelekea upande huo huo.

Sasa zipime namba hizo mwenyewe. Watoto 28, watoto 30. Darasa la kijana wangu lina watoto zaidi ya hao wote ukiwajumlisha. Kwa utafiti mdogo hivyo unaweza kusema "inaelekea inasaidia, jaribu", huwezi kusema "inaponya", na anayekutoza kwa ahadi ya kuponya hana pa kusimamia. Dawa za ADHD zina ushahidi mkubwa zaidi kwa watoto wa umri wa shule, na kwa walio chini ya miaka 6 madaktari huanza na kuwafundisha wazazi namna ya kuishi na mtoto. Daktari akimwandikia mwanao dawa, usiiache kwa sababu ya kumkanda na mafuta ya nazi. Vyote viwili vinakaa nyumba moja bila kugombana.

Sisi tunafanya hivi. Saa mbili na nusu usiku televisheni inazimwa, kwa wote, hata baba yake. Mtoto ameshaoga maji ya moto. Godoro dogo linashuka chini, maana kitandani alikuwa anageuza kuwa mchezo wa kuruka. Chupa ya mafuta ya nazi naiweka kwenye bakuli la maji ya moto, hasa Juni na Julai baridi inaposhuka na mafuta yameganda. Alizeti ya kupikia nayo inafaa. Usitumie dawa za kuchua viungo, zile zinazowasha. Akijigusa macho hamtalala wote. Anavaa kaptula, analala kifudifudi, mlango uko wazi. Naanza na mabega, kiganja kizima, nashuka pembeni ya uti wa mgongo bila kuukandamiza uti wenyewe, narudi juu. Kisha mikono, kisha miguu hadi nyayo. Shingo siigusi kwa nguvu. Siongei. Mkono mmoja haubanduki mwilini hata ninapochota mafuta, kwa sababu nikiutoa anainua kichwa kuangalia nini kinafuata.

Dakika mbili za kwanza vidole vya miguu vinacheza. Huwa naviangalia hivyo. Vinacheza, vinacheza, halafu kuna mahali, mara nyingi nikiwa kwenye vigimbi vya miguu, vinaacha. Pumzi inakuwa ndefu. Mara ya kwanza kuona hivyo nilisimamisha mikono nikidhani ana tatizo, kwa sababu sikuwahi kumwona ametulia hivyo akiwa macho. Dakika 15 zinatosha. Siku hizi kabla ya saa nne amelala, na usingizi huo ndio ninaouona ukifanya kazi mchana wake.

Wiki ya kwanza usitegemee chochote. Kwetu ilichukua kama wiki tatu kabla mwili wake haujajua kwamba baada ya kuoga kinakuja kitu hicho. Na kuna siku hataki. Akisema hataki, unaacha, hapo hapo, bila kununa. Hili nalisisitiza kwa sababu ni mwili wake. Nilimwambia wazi: wanaokukanda ni mama, baba na bibi tu, sehemu za siri haguswi na mtu, na hakuna kukandwa kwa siri. Ndiyo maana nakuomba usimwache peke yake chumbani na mtu wa masaji, hata awe anasifiwa vipi. Umesema pia mwanao hapendi kushikwa. Basi usianze na mgongo. Anza na viganja vyake mkiwa mmekaa, mnaongea, kidole kimoja kimoja. Wengine wanapenda zaidi kubanwa ndani ya blanketi kuliko mafuta. Akiwa na homa, vidonda au upele, acha mpaka apone.

Mama mkwe wangu wa Kibosho aliponiona nikimkanda mjukuu alishangaa kwamba kwetu hili ni jambo jipya. Yeye ndiye aliyemkanda akiwa mchanga, kila siku baada ya kumwogesha. Tunawakanda watoto wetu mpaka wasimame, halafu wakishaanza kukimbia tunaona wamekua, mkono unaobaki ni wa kusukuma na kuchapa. Nimelifikiria sana hilo.

Shuleni kukandwa hakukufika, na ningekudanganya nikisema kilibadilika kila kitu. Bado anasahau madaftari. Bado anajibu swali ambalo halijaisha. Kilichosaidia huko ni mwalimu mmoja wa darasa la tatu ambaye nilimpelekea barua ya daktari na kumweleza kwa utulivu. Akamweka mbele, mbali na dirisha, akampa kazi ya kufuta ubao na kugawa madaftari ili apate sababu ya kusimama. Akaacha kumchapa. Muhula ule kijana alimaliza mazoezi yake ya hesabu kwa mara ya kwanza. Kamwone mwalimu wa mwanao siku ambayo hajakuita, asubuhi, kabla hajachoka.

Ukiamua kuja KCMC, pata kwanza rufaa huko Arusha, itakupunguzia mizunguko. Beba madaftari yake mawili matatu ya shule, hata yaliyochanika, na umwombe mwalimu aandike nusu ukurasa wa anayoyaona darasani. Kwetu yale madaftari yalisema mengi kuliko mimi niliyekuwa nalia. Na ukishamkanda wiki tatu, rudi hapa uniambie vidole vya miguu vinafanyaje.