"Mnajimu limbukeni" au "mwanaastronomia wa ridhaa"?

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro anayeandika makala kuhusu Leslie Peltier, yule mkulima wa Delphos, jimbo la Ohio kule Marekani, aliyekuwa anaangalia nyota usiku akitoka shamba. Kaandika hivi: "Peltier alikuwa mnajimu limbukeni aliyegundua vimondo 12." Mwenzake kamwambia sentensi nzima imeharibika ila hakumwelewesha imeharibikia wapi, sasa anauliza, "Mwalimu, kosa langu ni lipi?"

Mwenzako yuko sahihi ndugu yangu, na kosa si moja, ni matatu. Naanza na hilo limbukeni maana ndo limeniuma zaidi.

Limbukeni linatokana na kulimbuka, yaani kuonja mazao ya kwanza ya msimu, yale mahindi mabichi ya mwanzo ambayo nyumba nzima inayasubiri kwa hamu. Limbuko lenyewe ni jambo zuri kabisa, lakini limbukeni ni mtu aliyekutana na kitu kwa mara ya kwanza kikamlevya, kapata simu mpya basi mtaa mzima lazima ujue, kapanda ndege mara moja hadithi haiishi mwaka mzima. Ni neno la kumshusha mtu. Sasa mfikirie huyu Peltier unayemwandikia: kazaliwa mwaka 1900, kijana wa shamba, akachuma stroberi kwa malipo ya senti 2 kwa kila kipimo mpaka akafikisha vipimo 900, hapo ndo akapata dola 18 akanunua darubini yake ya kwanza yenye kioo cha inchi 2. Mwaka 1918 akaanza kuangalia nyota badilifu, zile ambazo mwanga wake unapanda na kushuka, akaanzia na moja iliyo kwenye kundinyota la Simba inayoitwa R Leonis. Kazi yenyewe ni kuilinganisha nyota hiyo na majirani zake ambao mwanga wao unajulikana, unakadiria leo imefika wapi, unaandika, kesho unarudia. Kila mwezi alituma hesabu zake kwa AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota badilifu kilichoanzishwa mwaka 1911 na mwanasheria mmoja wa Connecticut, William Tyler Olcott, na hakuacha kutuma mpaka alipofariki mwaka 1980, zaidi ya vipimo 132,000 kwa jicho lake mwenyewe. Mtu wa miaka 62 kazini unamwitaje limbukeni? Hata mwanagenzi haimfai, maana mwanagenzi bado anajifunza kazi, na chipukizi pia hapana, chipukizi ni mtu anayeanza kuinuka.

Neno unalolitafuta lipo na unalisikia kila siku kwenye habari za michezo: ridhaa. Tuna ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa, gofu ya ridhaa na gofu ya kulipwa, kila mtu anaelewa tofauti hapo ni mshahara, si ubora, maana bondia wa ridhaa anaweza kumlaza wa kulipwa na hakuna atakayeshangaa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, kuridhika, kwa hiyo mtu wa ridhaa anafanya kwa sababu nafsi yake imetaka. Mimi nalipenda sana neno hili kwa jambo hili maana Wazungu nao neno lao, amateur, limetoka kwenye Kilatini likiwa na maana ya mwenye kupenda, ila kwao limechakaa, siku hizi linatumika pia kwa mtu anayefanya kazi hovyo. Sisi letu bado safi. Mtu wa hovyo tunaye na majina yake anayo, mbabaishaji, fundi wa kuungaunga, usiyachanganye. Enzi hizo wa ridhaa walikuwa wengi na walikuwa wazito kweli, W. F. Denning wa Bristol alikuwa mhasibu na mwaka 1920 ndiye aliyeiona nyota mpya iliyolipuka kwenye kundinyota la Cygnus, na Will Hay alikuwa mchekeshaji maarufu Uingereza, mwaka 1933 akaliona doa kubwa jeupe kwenye sayari ya Zohali akiwa na darubini yake mwenyewe. Wote wa ridhaa hao.

Kosa la pili, mnajimu. Kwa asili si kosa, limetoka kwenye Kiarabu, najm ni nyota, na zamani anayesoma nyota kwa hesabu na anayezisoma kwa ajili ya bahati za watu waliitwa jina moja. Lakini lugha ni watu. Leo hii ukisema mnajimu pale Dar, watu wanamkumbuka marehemu Sheikh Yahya Hussein na utabiri wake, au wanafikiria ule ukurasa wa gazeti wa nyota yako inasemaje wiki hii. Kuna wanaoshauri tutumie falaki, na ni neno zuri tena la Kiswahili cha siku nyingi, tatizo ni kwamba kupiga falaki ni kuagua, kwa hiyo unarudi palepale. Mimi naandika mwanaastronomia, ukiliona refu andika mwangalizi wa nyota, msomaji hatakusubiri umpe bahati yake.

La tatu ni vimondo. Kimondo ni ule mwali unaopita angani mara moja ukazimika, na jiwe linalofika chini nalo tunaliita hivyo, kama Kimondo cha Mbozi kule Songwe, lile bonge la chuma. Alichokuwa anakitafuta Peltier ni kitu kingine, ni ile nyota yenye mkia, inakaa angani siku nyingi hata miezi, inasogea taratibu kila usiku kulizunguka jua. Andika kometi, au nyota-mkia ukiwaandikia watoto. Ya kwanza aliipata Novemba 1925, na kati ya zile 12, baadhi aliziona peke yake na baadhi walizigundua pamoja na watu wengine, kwa hiyo usimpe zote peke yake.

Iandike hivi basi: "Peltier alikuwa mwanaastronomia wa ridhaa aliyegundua, peke yake au pamoja na wengine, kometi 12." Na kama una nafasi kwenye makala usiziache zile stroberi.