Dohani kwenye paa lenye mwinuko mkali: ishikilie kwenye mbao, si kwenye bati

Papi ya paini (ubao mwembamba wa paa unaopigiliwa bati) niliyoishika mkononi Julai ile ilikuwa nyeusi kama mkaa, ikimeguka kwa kidole. Niliitoa darini, juu ya jiko la kuni la mama, huku kwetu Njombe. Siku mbili mama alikuwa akilalamika macho yanamuwasha, nasi tukadhani ni kuni mbichi za miwati. Kumbe upepo ulikuwa umeitikisa dohani, yaani bomba la moshi, mpaka kiungo kimoja kikaachana ndani ya dari, hewa ya moto ikawa inapuliza mbao usiku kucha. Bado nikikumbuka mama alikuwa amelala chumba cha pili, moyo unanienda mbio.

Fundi alikuwa ameifunga kwa nyaya mbili zilizokazwa kwenye misumari ya bati. Waya huvuta tu, haisukumi: upepo ukigeuka, upande mmoja unalegea. Nao msumari wa bati ukitikiswa kila siku hupanua tundu lake, mwisho unang'oka.

Nilipoijenga upya nilianza na mahali pa kutokea. Ncha ya dohani inatakiwa ipite paa kwa angalau sentimita 90 pale inapotokea, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa mlalo, paa lenyewe likiwemo. Paa letu lina mwinuko wa kama nyuzi 40. Ukitoboa mita 3 kutoka mgongo wa paa, yaani kilele chake, bomba litasimama nje zaidi ya mita 3, na upepo wa Agosti utalichezea. Ukitoboa nusu mita kutoka mgongoni, mita moja na kidogo inatosha. Kwa hiyo sogeza jiko, usirefushe bomba.

Kupita darini, bomba la bati la ukuta mmoja halifai kabisa. Hilo linataka sentimita 45 kutoka kwenye mbao. Niliagiza la kiwandani lenye kuta mbili na sufi ya madini katikati, nikaacha nafasi aliyoandika mtengenezaji, ambayo kwangu ilikuwa sentimita 5 kila upande. Papi ikiwa njiani, ikate na uifungie mbao za pembeni. Kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, usiiguse.

Bati la kuzuia maji linalozunguka bomba, ukingo wake wa juu uingie chini ya bati la paa, ukingo wa chini ulale juu yake. Ukiliweka lote juu na kutegemea silikoni, mvua za masika zitakuonyesha. Usilifunge bomba kwenye bati hilo, kwa sababu bomba likipata moto hurefuka na lazima liteleze.

Bomba likizidi mita 1.5 juu ya paa, ni lazima lishikiliwe. Huku kwetu mimi nashikilia hata fupi. Funga klampu kwenye ukuta wa nje wa bomba, karibu na juu, bila kutoboa ukuta wa ndani. Kisha weka mikono miwili ya bomba la chuma, ipanuke kama herufi V kuelekea upande wa juu wa paa. Mkono wa chuma huvuta na kusukuma pia. Miguu yake ifungwe kwa bolti zenye washa za mpira, zipite kwenye kilele cha wimbi la bati, si bondeni maji yanapopita, mpaka ziingie kwenye papi au kenchi. Nilimweka kijana darini na tochi anigongee mbao zilipo, nikaweka alama kwa chaki.

Asubuhi bati la Njombe lina umande, mara nyingine barafu. Subirini mpaka saa nne, likauke. Tumia ngazi ya kulaza yenye ndoano za kushika mgongo wa paa, vaa mkanda wa mwili mzima, na kamba ipite upande wa pili na kufungwa kwenye kitu kisichong'oka. Vifaa vya kazi vipandishwe kwa ndoo.

Siku ya kwanza washa moto mdogo, kisha panda darini uguse mbao kwa kiganja. Mimi niligusa kila nusu saa mpaka jioni. Zilikuwa vuguvugu tu, na mama akaniita nishuke ninywe chai.