Stelvio Aprili? Subiri kwanza

Ndugu uliyeuliza kama Aprili unaweza kupanda Stelvio, ile njia ya mlimani kule Italia, kwa baiskeli, hapana aisee, barabara inakuwa bado imefungwa, theluji imejaa, huwa wanafungua mwishoni mwa Mei au Juni hivi. Pale juu ni mita 2,757 na hata kuskii kwake (kuteleza kwenye theluji) ni kwa kiangazi, kwenye barafu ya mlimani, yaani Julai unakuta mtu kavaa kaptula ya baiskeli anatweta, pembeni mwingine anapita na skii begani na yale mabuti magumu.

Panda kutokea Prato, kijiji cha kule chini, ni kilomita kama 24, kona kali 48 na kila moja ina namba yake, wanahesabu kurudi nyuma kwa hiyo ukiona 48 ndo kwanza kazi inaanza, tulia tu, gia nyepesi tangu chini. Na tafadhali sana beba jaketi la upepo, kupanda utaloa jasho lakini kushuka vidole vinakufa ganzi hadi breki huzisikii vizuri, hapo ndo pa kuogopa kuliko mlima wenyewe.