Itikise siti kabla ndege haijaanza kukimbia

Wenzangu mnaojifunza urubani hapa Dar, naomba mnisikilize kwenye hili moja. Kabla hujafungulia injini tikisa siti yako. Usiiangalie tu, jisukume mbele na nyuma kwa nguvu mpaka mwili wenyewe ukubali kwamba siti haiendi popote.

Mimi ilinikuta mwezi wa saba, kusi limechachamaa, tuko na Cessna 172 uwanja wa Julius Nyerere, tunarukia njia namba 23 yani unaelekea kusini magharibi na upepo unakupiga ubavu wa kushoto. Kwenye chekilisti pale pa siti na mikanda nilijibu "tayari" kwa mdomo tu, maana nilishaisogeza mbele nikakaa vizuri. Mnara wa kuongozea ndege wakaturuhusu, nikasukuma kinobu cha nguvu ya injini mpaka mwisho, mguu wa kulia umebana pedali. Kwa msiojua, pangaboi la hii ndege linazunguka kulia ukiliangalia toka ndani, na injini ikipewa nguvu pua inataka kwenda kushoto, kwahiyo pedali ya kulia ndo inakushikilia katikati ya mstari. Na siku ile upepo nao ulikua unaivuta pua kushoto hukohuko.

Tuko kwenye mwendo wa kama noti 40 (noti ndo kipimo cha mwendo wa ndege), hatujafika hata zile 55 za kunyanyua pua, nikasikia "kak" chini ya paja na siti ikarudi nyuma. Miguu ikatoka kwenye pedali zote mbili, ndege ikakata kushoto, na mimi bado nimeng'ang'ania usukani. Hapo ndo pabaya kuliko pote jamani, mtu anayerudi nyuma anashika kilicho karibu, ukivuta usukani pua inanyanyuka na mwendo haujatosha, bawa linaacha kubeba, ndege inalala upande futi chache tu toka ardhini na hapo huna nafasi ya kurekebisha kitu. Watu wamekufa hivyo.

Kapteni, mwalimu wangu aliyekaa pembeni, akasema "Achia!" nikaachia. Akaipunguza injini mpaka mwisho, akakanyaga pedali ya kulia na breki kidogo kidogo, tukasimama hatua chache toka taa za pembeni. Sikuweza kuongea. Akanishika bega, "Pole mwanangu, pumua kwanza," ndo akaongea na mnara.

Tulivyorudi fundi akainama na tochi akaniita nione. Reli ya siti ina matundu, na pini inatakiwa izame kwenye tundu moja. Matundu mawili yalishalika yakawa marefu kama kokwa ya tende, pini ilikua imekaa ukingoni tu, na ukiwa umekaa hujui kabisa. Sio ugonjwa mpya huu, tangu 1987 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza reli za siti za Cessna zikaguliwe mara kwa mara, kwahiyo muulize fundi wako kapima lini, usione aibu, ni uhai wako.

Na ikitokea imeteleza mkiwa bado chini, achia usukani, punguza nguvu ya injini. Ndo maana mkono wa kulia usitoke kwenye kile kinobu cha nguvu mpaka mko juu, kwenye 172 ukikivuta injini inapungua, kwahiyo hata mwili ukirudi nyuma wenyewe unavuta kitu sahihi. Kama mmeshanyanyuka kazi ni kuzuia pua isipande, na aliye pembeni achukue ndege.

Jumamosi nilikaa kulia, dogo mmoja mgeni ndo yuko siti ya rubani, akasema tayari. Nikamwambia jitikise. Akajisukuma, siti ikasogea nusu inchi mbele, pini ikazama.

"Kaka, nilijua imeshika," akasema.